Skuta Inapoanza Kula Mafuta Ghafla: Jinsi ya Kutafuta Chanzo kwa Mpangilio

Skuta yenye injini ya sentimita za ujazo 110 hadi 125, ikiwa katika hali nzuri, kwa kawaida huenda kilometa 40 hadi 50 kwa lita moja ya petroli. Hapa Mbeya, kwa sababu ya milima na baridi ya asubuhi, wengi hupata pungufu kidogo ya hapo bila chombo kuwa na kasoro yoyote. Mwongozo huu unahusu hali nyingine: skuta iliyokuwa ikienda vizuri wiki iliyopita, na leo tangi linakauka kabla ya siku yake ilhali safari ni zilezile na dereva ni yuleyule.

Ughafla huo wenyewe ni dalili inayosaidia. Mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma, ringi za pistoni na rola (vizito vidogo vya mviringo ndani ya puli ya mkanda) huchakaa polepole kwa miezi mingi, na ulaji wa mafuta hupanda nao kidogo kidogo kiasi kwamba mwenye chombo hauoni. Kinachoupandisha ndani ya siku mbili tatu mara nyingi ni kitu kilichokwama, kilichopasuka, kilichoziba, au kilichoguswa na mkono wa mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: skuta hii iliguswa wapi mara ya mwisho? Kama ilibadilishwa tairi, huenda breki ya nyuma imekazwa kupita kiasi. Kama ilioshwa kwa maji ya presha, huenda kichujio cha hewa kimelowa au soketi ya waya imechomoka. Kama kabureta ilifunguliwa ili isafishwe, anza hapo hapo.

Mafundi wengi, ukiwaambia kwamba skuta inakula mafuta, huchukua bisibisi na kugeuza skrubu ya mchanganyiko iliyo kwenye kabureta. Kwa maoni yangu hiyo inapaswa kuwa hatua ya mwisho kabisa. Skrubu hiyo hufanya kazi zaidi injini inapounguruma bila kuvutwa mafuta. Haiwezi kuponya choki iliyokwama wala kuziba kiwambo (utando mwembamba wa mpira) kilichopasuka kwenye koki ya mafuta, na ikishageuzwa pasipo kukumbuka ilikuwa wapi, unakuwa na matatizo mawili mahali pa moja.

Hakikisha kwanza kwamba ulaji umepanda kweli

Wengi wetu huweka mafuta kwa shilingi, si kwa lita. Mtu husema “niwekee ya elfu kumi” mwezi hadi mwezi, kisha akashangaa kwamba elfu kumi haimfikishi tena alikozoea. Lakini EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, na bei hizo hutofautiana kati ya mji na mji kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Tuseme bei imetoka shilingi 3,000 hadi 3,300 kwa lita: elfu kumi yako iliyokuwa ikikupa lita 3.33 sasa inakupa lita 3.03 tu, na skuta haina kosa lolote. Weka kumbukumbu ya lita, na risiti uitunze.

Kipimo cha kuaminika ni cha tangi hadi tangi. Simamisha skuta kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, jaza mpaka alama fulani unayoikumbuka chini ya shingo ya tangi, kisha andika kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha safari zako za kawaida kwa kilometa zisizopungua 100, rudi kwenye pampu ileile, isimamishe vilevile na ujaze mpaka alama ileile. Gawa kilometa ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ikiwa umekwenda kilometa 140 na zimeingia lita 4, skuta yako inakwenda kilometa 35 kwa lita. Tangi lisijazwe mpaka juu kabisa, kwa sababu petroli ikipashwa na jua huvimba na kumwagika, na hapo hesabu yote inaharibika.

Safari ya kupimia lazima iwe ya kwenda na kurudi. Mbalizi iko chini ya mjini kwa mamia ya mita, kwa hiyo anayepima kwa kuteremka kutoka Mafiati hadi Mbalizi atapata namba ya kumfurahisha, na anayepima kwa kupanda kurudi kupitia Iyunga atadhani injini imekufa. Kwa ndugu zetu wa Iringa ni hivyo hivyo kati ya Ipogolo na mjini.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuondoa shakani kabla ya kushika spana. La kwanza ni waya wa spidi. Ukikatika kila mara au meno yake yakiwa yameisha, kilometa huhesabiwa pungufu, na hesabu itaonyesha ulaji mkubwa ambao haupo. Linganisha na umbali unaoonyeshwa na simu katika safari moja ndefu. La pili ni mafuta yenyewe. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara haina kipimo cha uhakika, na ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa haiungui vizuri, injini huvuta kwa uzito na ekzosi hutoa moshi. Nunua kwenye kituo ambacho pampu zake zina stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, angalau kwa muda wa uchunguzi huu.

Magurudumu na breki

Hapa panahitaji dakika chache na mara nyingi ndipo jibu lilipo. Tairi za skuta ni ndogo, nyingi za inchi 10 hadi 12, na tairi ndogo ikipungukiwa upepo huikaba injini zaidi ya tairi kubwa. Soma kiasi kinachotakiwa kwenye kibandiko cha skuta au kitabu chake, na upime asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kuwa tairi ikishapata moto upepo husoma juu kuliko ulivyo. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi.

Kisha inua skuta kwa stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa, na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Linapaswa kuzunguka likiwa na uzito kidogo wa gia, bila kukwaruza. Likikwama au kukwaruza, legeza nati ya kurekebishia breki mpaka lever ipate nafasi kidogo kabla ya breki kushika, kisha zungusha tena. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la mbele. Kama breki ya mbele ni ya diski, pampu na uachie lever mara kadhaa kabla ya kuzungusha, maana pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana diski) iliyoota kutu au kujaa matope ya masika hubana diski hata lever ikiwa imeachiwa. Njia nyingine ni kuendesha kilometa mbili tatu bila kutumia breki hiyo sana, kusimama, na kusogeza mkono karibu na rimu: gurudumu lenye breki inayobana huwa la moto kuliko lenzake. Usilishike moja kwa moja.

Mahali mafuta yanapopotea bila kuungua

Kuanzia hapa utashika petroli. Fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa na sigara, injini ikiwa imepoa.

Fungua kifuniko cha chini ya kiti na unuse kabla ya kutazama. Harufu kali ya petroli mahali ambapo hapakuwa na harufu ni ushahidi tosha wa kuendelea kutafuta hapo. Pitia mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, ukiukunja taratibu kwa vidole; mpira uliokauka huonyesha nyufa nyembamba unapokunjwa, nyufa ambazo hazionekani ukiwa umenyooka. Tazama pia chini ya skuta baada ya kulala usiku kucha, juu ya kipande cha boksi safi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni koki ya mafuta inayofanya kazi kwa mvuto wa hewa. Skuta nyingi za kabureta hazina koki ya kufungua kwa mkono. Zina koki yenye kiwambo cha mpira ndani yake, na mpira mwembamba unaoiunganisha na njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Injini ikiwaka, inavuta kile kiwambo na mafuta yanapita; ikizimwa, kiwambo kinarudi na mafuta yanakatika. Kiwambo hicho kikipasuka, injini huanza kufyonza petroli moja kwa moja kupitia ule mpira mwembamba, bila kupitia kwenye kabureta, na hapo ulaji unaweza kupanda kwa siku moja. Kukitambua ni rahisi. Zima injini, chomoa ule mpira mwembamba upande wa injini, na uuelekeze chini juu ya ukucha wa kidole gumba. Mpira huo kazi yake ni kupitisha mvuto wa hewa tu, kwa hiyo unapaswa kuwa mkavu kabisa. Tone moja la petroli juu ya ukucha, au hata unyevu wenye harufu, linatosha kuihukumu koki hiyo. Haitengenezwi kwa gundi, hubadilishwa. Skuta ambazo tangi lake liko chini ya miguu zina pampu ndogo ya mafuta inayofanya kazi kwa kiwambo cha namna hiyo, na kipimo ni kilekile.

Ndugu wa tatizo hilo ni boya la kabureta, linaloelea kwenye bakuli lake na kukata mafuta likishajaa. Takataka ndogo ikikaa kwenye sindano ya boya, mafuta hayakatiki, yanajaa na kumwagika kupitia kimpira cha kutolea ziada chini ya kabureta. Yasipomwagikia nje, huingia kwenye silinda na kuteremka mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili ni nyepesi yenye harufu ya petroli, usiwashe injini tena mpaka sindano isafishwe au kubadilishwa na oili yote kumwagwa, kwa kuwa oili ya namna hiyo hailindi chochote. Mara nyingine kugonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi huachia takataka hiyo, lakini safisha bakuli hata hivyo, maana itarudi.

Choki inayojiendesha yenyewe

Kama ningelazimika kutaja chanzo kimoja tu cha kukagua kwenye skuta ya kabureta inayoanza kula mafuta ghafla katika miji yetu ya baridi, ningetaja hiki. Skuta hizi hazina kivuta choki kama pikipiki za zamani. Kando ya kabureta kuna kidude cheusi kama kidole gumba, chenye nyaya mbili. Injini ikiwa baridi, kidude hicho huacha wazi njia ya mafuta ya ziada ili injini iwake kirahisi. Ikiwaka, umeme hukipasha moto, nta iliyo ndani yake huvimba, na sindano ndogo husukumwa polepole mpaka iizibe njia hiyo, kwa kawaida ndani ya dakika kama tano.

Waya ukikatika, soketi ikichomoka au kidude kikiungua, njia ile inabaki wazi siku nzima. Mwenye skuta hashtuki, kwa sababu asubuhi inawaka vizuri kuliko hata ilivyokuwa. Dalili huanza injini ikishapata moto: muungurumo unakuwa mzito na wa kuyumba, ekzosi inanuka petroli, moshi mweusi unatoka unapovuta mafuta kwa nguvu, na baada ya kusimama dukani dakika kumi skuta inakataa kuwaka mpaka uivute mafuta yote.

Kukipima, subiri injini ipoe kabisa, chomoa kidude, na utazame sindano ilipo. Unganisha nyaya zake mbili kwenye betri ya volti 12, ukijihadhari zisigusane, na usubiri dakika tano hadi saba. Mwili wake unapaswa kupata joto na sindano kutoka kwa milimita kadhaa. Isipotoka, kidude kimekufa. Ikitoka vizuri, tatizo liko kwenye umeme unaokifikia: katika skuta nyingi umeme wa choki hutoka kwenye mkondo uleule wa taa ya mbele, kwa hiyo taa iliyofifia au isiyowaka kabisa ni taarifa ambayo haifai kupuuzwa. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ya Mbeya, Njombe au Makete, hata choki nzima huchelewa kufunga. Anayeishi kwa safari za dakika tatu tatu, kwa mfano kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa na kuzima, anaendesha karibu wakati wote na choki ikiwa wazi. Huyo hana cha kutengeneza.

Kichujio cha hewa na plagi

Kiangazi, vumbi la barabara za mitaani huziba kichujio haraka kuliko kitabu cha skuta kinavyokadiria. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi kavu hupulizwa kutoka upande wa ndani kwenda nje. Cha karatasi iliyolowekwa mafuta kiwandani hakipulizwi wala hakioshwi, hubadilishwa. Usikubali ushauri wa kuendesha bila kichujio ili skuta “ipumue”, maana vumbi la kwetu litakula silinda, na gharama yake haifanani na bei ya kichujio.

Plagi isomwe baada ya safari ya kawaida, si baada ya kuwasha na kuzima. Masizi meusi makavu yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Rangi ya kahawia ya mfinyanzi inasema mambo yako sawa. Weupe unasema mafuta ni kidogo. Unyevu wa oili unapeleka shauri kwenye ringi na vavu. Mwanya wa plagi katika skuta nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi mpya ni nafuu, lakini nyeusi ukiibadilisha bila kuondoa kilichoifanya nyeusi, mpya nayo itafuata.

Injini inapiga kelele, mwendo haupo

Ikiwa plagi ni ya kahawia, hakuna harufu wala uvujaji, lakini ukivuta mafuta injini inalia juu na mwendo hauongezeki ipasavyo, ondoka kwenye kabureta uende upande wa mkanda. Fungua kifuniko cha kushoto. Mkanda huchakaa polepole, ila huanza kuteleza ghafla sili ya injini au ya gia inapovuja na oili kuugusa. Utaona mng'ao wa oili kwenye puli na unga mweusi uliogandamana. Rola nazo zinaweza kupasuka au kuwa na bapa upande mmoja. Upana wa mkanda upimwe na kulinganishwa na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Kazi hii inataka kifaa cha kushikilia puli, na asiyekuwa nacho amwachie fundi.

Mwinuko wa kwetu

Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko takribani mita 500. Msukumo wa hewa hupungua kwa kadiri ya asilimia moja kwa kila mita mia za kupanda, na kabureta haina macho ya kuliona hilo. Huendelea kutoa mafuta yaleyale kwa hewa iliyopungua. Skuta ya kabureta iliyokuwa imerekebishwa Dar es Salaam, ikipakiwa kwenye lori na kushushwa Uyole, itaanza kula mafuta siku hiyohiyo, plagi itakuwa nyeusi, na hakuna kilichoharibika. Dawa ni jeti kuu (kitundu kinachopimia mafuta kwenye kabureta) iliyo ndogo kwa namba moja, au, ikiwa sindano ya kabureta ina vijino, kupandisha klipu kijino kimoja ili sindano ishuke. Anayeteremka Kyela mara kwa mara asifanye hivyo, kwa sababu huko chini injini itapata hewa nyingi kwa mafuta machache, itachemka, na anaweza kutoboa pistoni kwa ajili ya kuokoa nusu lita.

Skuta za sindano ya umeme, zisizo na kabureta, hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko. Zikianza kula mafuta ghafla, tazama kwanza taa ya injini kwenye dashibodi, kisha sensa ya joto la injini na sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Sensa ya joto ikisema injini ni baridi wakati wote, kompyuta humimina mafuta kama choki iliyokwama. Hapa tafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, si mwenye bisibisi tu.

Unapompelekea fundi, mpe namba: kilometa kwa lita za zamani, za sasa, na orodha ya ulichokwisha kukagua. Mwombe abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja na akurudishie spea ya zamani mkononi. Kisha pima tangi hadi tangi kabla ya kuruhusu kingine kiguswe. Plagi, kichujio na choki vikibadilishwa mchana mmoja, hutajua ni kipi kilichotibu, wala ni kipi cha kununua tatizo likirudi. Kama vyote vilivyotajwa ni vizima na ulaji bado uko juu, kilichobaki ni kupima tapeti (mwanya wa vavu) na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na hiyo ni kazi ya gereji.